Mtungi Ulikaa Mbele ya Mkwe

Nyinyi vijana wa Bungu mnaopita mbele ya baraza langu kila alfajiri mkikimbia, leo nina maneno na nyinyi. Kukimbia kwenyewe sina ugomvi nako. Ninachokichukia ni yale makoti ya nailoni mnayovaa ili, kama alivyoniambia mmoja wenu, "jasho litoke vizuri, babu, mafuta yayeyuke." Juzi huyo huyo alikuja kukaa kwenye kizingiti changu jua limeshapanda, uso umemwiva, anasema maneno yasiyoshikana, na wenzake wamesimama wanamcheka kwamba kalewa mbio. Nilimuuliza mama yake anatoka wapi. Akanitazama tu. Nikamvua lile koti kwa mikono yangu, nikammwagia ndoo nzima ya maji ya kuoshea vyombo, na ganda la kitunguu likamkaa kichwani. Alipopata fahamu alikasirika sana. Akasirike tu, nami nitaeleza kwa nini nilifanya vile.

Nilikata boriti kwenye mikoko ya Maparoni, kule kwenye delta, wakati wa Mwingereza. Nilikata mpaka siku shoka liliponiteleza likaniingia mguu wa kushoto, na mguu ule haukurudi kuwa mguu wa tope. Mwengine angerudishwa kwao. Mie nilipewa mtungi. Kazi yangu ikawa kutafuta maji ya kunywa, kuyatunza na kuwagawia wakataji, na kwa sababu nilichota kwa kata ya kifuu cha nazi, wakaniita Saidi Kata. Mwanzo niliona nimetupwa jikoni na wanawake. Baadaye nilijua kwamba pale kambini kulikuwa na kazi mbili tu ambazo zikiharibika mtu anakufa, na ya kwanza ilikuwa kuangusha mti.

Nyinyi mkisikia delta mnafikiri maji tele. Maji tele kweli, na yote yana chumvi. Ilinibidi kupiga kasia kupanda na mto mpaka pale maji yanapokuwa matamu ulimini, nijaze madebe, nirudi, niyamimine mtungini na kufunika kwa kipande cha kaniki ili usubi usiingie. Nikichelewa, watu thelathini au arobaini wananisubiri ndimi nje. Nimetukanwa kwa ajili ya maji matusi ambayo siyaandiki.

Sasa sikilizeni namna kazi ilivyokuwa, maana bila hilo hamtaelewa yaliyompata Athumani. Mkataji boriti hachagui saa, saa huchaguliwa na maji. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, bahari hupwa kabla ya adhuhuri na hujaa alasiri. Maji yakishatoka ndipo unapoingia, unakata, unabeba boriti begani mpaka ukingoni mwa kijito, na maji yakirudi unapakia mashua iende Nyamisati. Kwa hiyo saa za kukata ndizo hizo hizo saa za jua kali. Mwenye shamba anaweza kulima alfajiri na magharibi akalala mchana. Sisi hatukuwa na hiari hiyo.

Na kule ndani ya mikoko hakuna upepo. Majani yamefunga juu, tope limefika magotini, mvuke unapanda kutoka chini. Mtu anatoka jasho likatiririka mpaka kwenye vidole, lakini halikauki. Hilo ndilo jambo ambalo mnyapara wetu alinifundisha kabla ya mengine yote: jasho linampoza mtu linapokauka mwilini. Lisipokauka linamtoka bure, anabaki na joto lake na maji yamekwenda. Ndiyo maana nikiona makoti yenu ya nailoni damu inanichemka. Sisi tulivua kila kitu tukabaki na kishuka kiunoni ili tupate hewa kidogo, nyinyi mnanunua kitu cha kuizuia.

Mnyapara huyo ni Mzee Mkumba, mtu wa Kibiti, mrefu, mwenye kovu shingoni. Alipigana Burma katika jeshi la Keya la Mwingereza, na kule porini aliona wenzake wakianguka bila risasi. Alikuwa akisema, "Mjapani niliweza kumkimbia. Joto la ndani ya mwili hulikimbii, unakwenda nalo." Hakupenda kusimulia vita. Alichorudi nacho kutoka vitani ni macho ya kutazama watu, na alitutazama sisi kama mama anavyomtazama mtoto mwenye surua.

Mgeni akija kambini, awe na mabega ya namna gani, Mkumba hakumruhusu kuingia mikokoni. Siku za mwanzo alimkalisha kambini amenye magome. Kisha anaingia asubuhi tu, anatoka. Kisha nusu ya kazi. Wiki mbili hivi zikipita ndipo anapewa shoka na mzigo kamili. Wageni walichukia, kwa sababu kumenya magome kulionekana kazi ya wazee. Lakini mie niliyekuwa nikifua mashuka yao niliona kwa macho yangu. Shuka la mgeni likikauka linabaki na chumvi nyeupe, unaweza kuikwangua kwa kucha. Baada ya siku hizo jasho lake linakuwa jepesi, linatoka mapema zaidi na halina chumvi nyingi. Mwili umejifunza. Hata moyo hujifunza, haumwendi mbio kama mwanzo kwa mzigo ule ule. Na akienda kwao mavunoni akakaa muda mrefu, mwili unasahau, na akirudi anaanza upya kumenya magome. Kulikuwa na mtu aliyekata boriti kabla mie sijazaliwa, lakini akitoka likizo Mkumba anamwonyesha magome kwa kidole, naye ananung'unika na kukaa.

Tulikosea pia, tena sana. Mwanzoni nilidhani kazi ya mlinzi wa maji ni kumnywesha kila mtu mpaka aseme basi. Sefu, jirani yangu wa kibandani, mtu mwenye pupa katika kila kitu, alikunywa siku moja mpaka tumbo likawa linapiga kelele akitembea. Kabla ya maji kujaa misuli ya mapaja ilimkaza, akaanguka analia kama mwanamke wa uchungu, halafu akatapika maji matupu. Nikamkimbilia na kata nyingine. Mkumba alinishika mkono. "Maji anayo," akasema, "chumvi ndiyo hana." Tukamkoroga uji mwepesi wenye chumvi, akanywa kidogo kidogo, misuli ikalegea. Tangu siku hiyo uji wa chumvi ulikaa karibu na mtungi kila siku. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyenunua boriti zetu pale Nyamisati alishangaa kambi inayozungukwa na bahari inaagiza magunia ya chumvi. Alimwuliza Mkumba kama tunakausha papa kwa siri.

Bwana Misitu naye alikuja mara moja kukagua, Mzungu kijana, kofia ngumu, soksi mpaka magotini, viatu vya ngozi. Tope lilimvua kiatu kimoja na halikukirudisha. Alicheka mwenyewe kuliko sisi. Kisha akavua na cha pili, akakunja suruali, akanywa kata mbili za maji yangu bila kuuliza yametoka wapi. Nilimpenda kwa hilo.

Basi, desturi ya mtungi wetu ilikuwa hivi. Mkumba alikataza mtu kuingia na kibuyu chake mwenyewe. Alisema mtu akiwa na kibuyu chake, wewe hujui kama kanywa au hakunywa, na yeye mwenyewe akizidiwa na kazi husahau, kwa sababu kiu huchelewa kuja, na ikija inamdanganya kwamba kidogo kinatosha. Kwa hiyo mtungi ulikaa mahali pamoja, chini ya mkoko mkubwa karibu na kijito, na Mkumba alikaa juu ya mzizi wake, hatua moja kutoka kwenye mtungi. Kila mtu akisikia nagonga debe anakuja. Ananywa mbele ya mnyapara. Mkumba anamtazama ulimi, anamuuliza kama mkojo wake umekuwa na rangi ya chai, kisha anamuuliza swali moja la kijinga: "Mama yako anatoka wapi?" Anayejibu haraka anarudi kazini. Anayefikiri anakaa kivulini. Watu walimkebehi kwamba Mkumba anatafuta mke wa pili kwa mama zao, lakini hapakuwa na kambi iliyokuwa salama kama ile.

Athumani aliingia katika mambo hayo akiwa mume wa Zaina, binti wa Mkumba. Ndoa yao ilikuwa bado mbichi. Alikuwa mkulima wa muhogo wa huku huku Bungu, kijana mwenye kifua, mpole, na mwaka ule nguruwe walikuwa wamemmalizia shamba. Mkumba mwenyewe ndiye aliyesema aje. Alitaka kumpa kazi, na nadhani alitaka pia kumjua, ingawa asingesema.

Nyinyi wa siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu, mnawapiga picha. Siwasemi kwa hilo. Lakini katika jamaa zetu wakati ule, mkwe aliogopwa kuliko mzazi. Kijana aliyeoa hakula wala hakunywa mbele ya baba mkwe. Akimwona njiani, anatoka njiani. Hawaongei uso kwa uso, wanapitishia maneno kwa mtu wa tatu hata kama wote watatu wamesimama pamoja. Hali hiyo iliendelea mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na wazee wakae wamwondolee kijana ile haya. Na Athumani aliyashika hayo kwa moyo. Mkumba akija kambini, yeye anazunguka nyuma ya vibanda. Sote tulimsifu. Mie nilimsifu kwa sauti kubwa, nikisema Zaina kapata mume mwenye adabu.

Siku zake za magome zilikwenda vizuri. Mkumba alikuwa mikokoni mchana kutwa, Athumani yuko kambini, anakunywa anavyotaka. Mwili wake ukajifunza kama miili ya wengine. Kisha akapewa shoka akaingia. Akafika mahali pa mtungi, na mbele ya mtungi amekaa mkwe wake.

Niligonga debe, watu wakaja. Mkumba aliwahesabu kwa macho, akaniambia bila kugeuza uso, "Saidi, muulize mwenzio kama amekunywa."

Athumani alikuwa amesimama mbali, nyuma ya mti, kofia mkononi. Nikamuuliza.

"Mwambie mzee nimeshakunywa," akasema, macho chini.

"Anasema ameshakunywa."

"Haya," Mkumba akasema. Na swali la mama yako anatoka wapi hakumuuliza, kwa sababu mama yake Athumani alikuwa mkwe mwenziwe, na mkwe hatajwi hivi hivi kwenye tope.

Ikawa hivyo siku ile, na ya pili, na zilizofuata. Nilidhani anakuja kunywa nikiwa nimekwenda kuchota na mzee ameinuka kukagua kazi. Sefu alidhani anapewa na mie pembeni. Mkumba alidhani kijana anaona haya kidogo tu na mie ninamsaidia. Kumbe alikuwa anakunywa jioni kambini, gizani, anajaza tumbo kwa pupa, na asubuhi kabla ya kuingia. Mchana kutwa, katika joto lile, na boriti begani, hakunywa kitu. Jioni aliniambia kichwa kinamgonga. Nikamwambia usingizi utamaliza.

Siku iliyomwangusha ilikuwa ya bamvua kubwa, na mashua ingekuja kuchukua mzigo maji yakijaa. Nilimsikia Sefu akiita, "Athumani! We Athumani! Unakwenda wapi na boriti hiyo?" Nikainua macho. Athumani alikuwa anatembea kuelekea ndani ya mikoko, mbali na kijito, mti begani, miguu inamrukaruka.

"Nakwenda kufukuza nguruwe," akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wameingia muhogoni."

Sefu akacheka, akidhani mzaha. Kisha boriti ikaanguka, na Athumani akaanguka juu yake.

Tulipomfikia alikuwa anatetemeka. Ngozi yake ilikuwa ya moto, moto ambao sijawahi kuugusa kwa mtu aliye hai. Macho wazi, hayaoni. Mtu yeyote wa delta akiona kutetemeka na moto wa namna ile anajua jibu lake, tumelelewa nalo.

"Homa hiyo," Sefu akasema. "Mfunikeni." Akavua shuka lake, mwengine akaleta gunia, wakaanza kumfunga kama tunavyofunga mgonjwa wa homa ya malaria mpaka baridi imtoke. Mwengine alikuwa tayari anatafuta kuni. Walifanya kwa huruma. Lau wangeendelea muda mfupi tu, tungemzika.

Mkumba alikuja anaanguka na kuinuka katika tope. Aliling'oa lile gunia akalitupa. "Si homa! Ni joto! Mvueni!"

Hakuna aliyesogea. Mjue tulichoambiwa. Tuliambiwa tumvue nguo mkwe mbele ya mkwe. Sefu alirudi nyuma hatua moja. Hata mie mikono ilikataa.

Basi Mkumba akapiga magoti. Akakishika kishuka cha kijana, akakifungua, akakitupa, kijana akabaki kama alivyozaliwa mikononi mwa baba wa mke wake. Niliona uso wa mzee ukikunjamana kana kwamba anajichoma mwenyewe. Akamwingiza mikono kwapani, akamburuta mpaka kivulini pa mtungi.

"Mwaga," akaniambia.

"Mtungi wote?"

"Mwaga, Saidi!"

Bahari ilikuwa imepwa, kijito kimebaki tope na vidimbwi vya maji ya moto. Maji ya baridi yaliyokuwapo ni yale ya kunywa tu, ya kambi nzima, na safari ya kuchota mengine ilikuwa mbali. Nikamwaga. Kichwani, shingoni, kwapani, kwenye mapaja ndani. Wengine walipepea kwa makuti na mashuka, upepo wa mikono badala ya ule ambao msitu umetunyima. Mkumba alichimba tope kwa mikono mpaka kiwiko, kwa sababu tope la juu lina moto lakini la chini limepoa, akampaka kifuani, linapopata moto analiondoa na kupaka jengine. Mtungi ukaisha. Nikaugeuza, likatoka tone. Hakuna mtu aliyelalamika, na wote walikuwa na kiu.

Ndipo Mkumba akaniuliza, bado anapaka, "Leo kanywa saa ngapi?"

"Sikumwona, mzee."

"Na jana?"

"Wala jana," nikasema. Mkumba akaacha kupaka. Akautazama mtungi mtupu. Akautazama ule mzizi aliozoea kuukalia, uliolainika kwa makalio yake. Nilimwona anaelewa.

"Alikuwa ananiona mie," akasema kwa sauti ndogo.

Maji yakaanza kurudi kijitoni, kwanza yanatambaa, kisha yanapanda. Mkumba akambeba akaingia naye, akakaa ndani ya maji yale ya chumvi na kichwa cha Athumani juu ya paja lake, kwa muda mrefu sana. Mashua ilikuja na kuondoka bila mzigo. Ngozi ikapoa polepole. Kutetemeka kukakoma. Mwishowe Athumani akafumbua macho. Akauona uso wa baba mkwe juu yake. Akajitazama mwili wake uchi majini. Akafumba macho tena kwa nguvu, na machozi yakamtoka.

"Fumba tu, mwanangu," Mkumba akamwambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia moja kwa moja. "Hata mie sikuoni."

Mtu mmoja alikuwa amepiga mbio kwa mtumbwi, akaleta debe la maji kutoka kambini, na uji wa chumvi ulikuwapo pale pale. Mkumba akachukua kata akaipeleka mdomoni mwa kijana. Athumani akauma meno. Nusu mfu, hajui yuko wapi, lakini meno yake yalijua aliye mbele yake. Mkumba alijaribu tena, maji yakamwagika shingoni. Nilitamani kulia, na nadhani nililia.

Mzee akaniita. Akanipa kata. Akageuza uso wake akatazama mikoko, huku mikono yake bado imemshika kijana asizame. "Mpe weye, Saidi. Mie nimegeuka."

Nikampa. Akanywa.

Hivyo ndivyo Athumani alivyopona, kama kupona ni neno lake. Muda mrefu baada ya hapo hakuweza kukaa juani bila kizunguzungu, na mikokoni hakurudi tena. Alifungua kibanda cha kuuza nazi na sukari njiani hapa Bungu. Mkumba alibadilisha mambo ya mtungi kesho yake. Tuliuzungushia kiambaza cha makuti, mnyapara akakaa nje kwa mbali, mgongo ameupa mtungi. Kila mkataji akapewa mwenzake mmoja asiye mkwe, wala mjomba, wala mtu anayemwonea haya, wanywe pamoja, na mmoja amjibie mwenziwe. Utaratibu ule ulienda kambi nyingine, na nadhani wengi waliouchukua hawakujua ulikotoka.

Lakini haya ya Athumani haikupungua, iliongezeka. Zaina akazaa, wazee wakakaa, wakaleta sinia, wakatamka maneno yao, wakasema sasa mkwe ni baba, kula naye. Athumani akala tonge moja kwa heshima ya wazee. Maji hakuyagusa. Mtu aliyekutazama uchi unakufa, angekunywaje mbele yake? Zaina alizaa wa pili na wa tatu. Kila Idi Athumani anakwenda Kibiti kumwamkia mkwe wake, anakaa ukumbini, na Mkumba kila mara anasema, "Mleteeni mwanangu maji." Yanaletwa. Yanakaa kwenye gilasi mpaka wageni wanaondoka. Mie nilikuwapo mara nyingi. Sikuwahi kuona Mkumba akikasirika. Aliiangalia tu ile gilasi.

Mkumba alikufa kabla Mwingereza hajaondoka. Alikuwa amelala kitandani Kibiti, amebaki mifupa, na sauti haizidi ya mbu. Walikuwapo wanawe, Zaina, Sefu, mie, na Athumani karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Mmoja alikuwa anasoma Yasini. Mzee akaomba maji. Zaina akainuka na kikombe. Mzee akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

Athumani alitazama nyuma yake kama kuna mtu mwengine. Hakuwapo. Akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwinua mzee na kukilaza kichwa chake juu ya paja. Akamtia maji mdomoni kwa kijiko. Kimoja. Cha pili. Cha tatu kilitoka pembeni mwa mdomo, naye akamfuta kwa kidole.

"Basi," Mkumba akasema. Kikombe kilikuwa bado kina maji. Akakitazama, kisha akamtazama Athumani. "Kunywa weye."

Mzee hakugeuza uso. Safari hii alimtazama, macho yake yote.

Athumani alikishika kile kikombe kwa mikono miwili. Akakiinua, akanywa mbele ya mkwe wake mpaka kikawa kitupu.